Safari ya Miguu Kwenda Kuona Magofu na Michoro ya Jangwani



Usiku wa leo nimekusudia kuwaeleza habari za safari ya miguu: safari ya mtu achukuaye mzigo wake mwenyewe mgongoni, akashuka katika makorongo ya nchi kavu, ili azione nyumba za mawe zilizojengwa na watu wa kale, na picha walizozichora juu ya miamba. Nchi yenyewe ni ya mbali. Ni jimbo la Utah katika Marekani, pembe yake ya kusini-mashariki. Huenda wengi wetu hatutafika huko kamwe. Hata hivyo, mna mambo mawili katika habari hizi yatufaayo sisi sote. La kwanza ni jinsi msafiri apaswavyo kufikiri kabla hajatoka nyumbani kwake. La pili ni jinsi apaswavyo kuenenda mahali palipo na mali ya wazee waliokwisha kufa. Na kabla sijamaliza, nitawaonyesha ya kuwa gunzi la hindi, ambalo kila mmoja wetu hulitupa jalalani bila ya kuliangalia mara mbili, laweza kusema habari zisizoandikwa katika kitabu cho chote.

Kwanza, ijueni nchi. Kuna uwanda wa juu uitwao Cedar Mesa, wenye kimo cha futi 6,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Juu yake huota mitarakwa na misonobari mifupi, na ardhi yake ni mchanga na mawe mekundu. Maji ya mvua ya miaka maelfu mengi yameukata uwanda huo, yakafanya makorongo yenye kuta za mwamba zilizosimama wima. Korongo lililo kubwa huitwa Grand Gulch. Lina urefu wa maili 50 hivi, nalo hupinda huku na huku kama nyoka mpaka likafika mto uitwao San Juan.

Katika makorongo hayo walikaa watu ambao wataalamu huwaita Wapueblo wa kale. Walikaa kwa vipindi vipindi, kwa muda uzidio miaka elfu moja. Walikuwa wakulima. Walipanda mahindi na maboga, na baadaye maharagwe. Wakafuga bata mzinga, wakatumia manyoya yao kufuma mablanketi. Mwisho wa kukaa kwao, yaani katika karne ya 13, walijenga nyumba nyingi ndani ya mapango mapana yaliyo katika kuta za makorongo. Mapango hayo si marefu wala hayana giza. Yako wazi kama vibaraza vilivyo chini ya paa la mwamba. Yale yaelekeayo kusini hupata jua wakati wa baridi, na wakati wa joto jua lipandapo juu sana hukaa kivulini. Waliyachagua kwa akili. Nyumba ni za mawe yaliyoshikizwa kwa udongo, na penginepo alama za vidole vya mjenzi zaonekana hata leo katika udongo ule. Kando yake mna ghala ndogo za nafaka, zenye milango myembamba iliyozibwa kwa bamba la jiwe ili panya wasiingie. Mna na vyumba vya mviringo vilivyochimbwa chini ya ardhi, viitwavyo kiva, ambamo watu walikutana kwa ajili ya ibada na mashauri.

Ilipofika karibu na mwaka 1300, walikuwa wamehama karibu wote. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, nayo moja kubwa twaijua kwa ushuhuda wa miti. Mti wa nchi zenye baridi huongeza duara moja la mbao kila mwaka. Mwaka wa mvua duara huwa nene, na mwaka wa ukame huwa jembamba. Mwaka 1929 bingwa mmoja, A. E. Douglass, alifaulu kuunganisha maduara ya miti iliyo hai na yale ya boriti za magofu, akapata hesabu ya miaka mamia mengi isiyokatika. Kwa hesabu hiyo twajua mwaka hasa boriti fulani ilipokatwa. Twajua pia ya kuwa tangu 1276 hata 1299 ukame mkubwa uliishika nchi ile. Mkulima msikilizaji, wewe hutahitaji kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Basi sasa na tufunge safari. Tujaalie ya kuwa tu watu wanne, nasi twataka kuingia kwa njia ya Kane Gulch, tufuate Grand Gulch kwa siku kadhaa, kisha tupande tena juu kwa njia ya korongo liitwalo Bullet. Mwendo wote ni maili 23, yaani kilomita 37. Mtu mwenye haraka atasema, "Kilomita 37! Mimi huzimaliza kwa siku moja." Na asubiri. Chini ya korongo hakuna barabara. Kuna mchanga mwingi, vichaka, na mawe makubwa ya kupandwa kwa mikono na magoti. Isitoshe, hatuendi kupita tu, twaenda kutazama. Siku nne si nyingi.

Shauri la kwanza ni majira. Katikati ya mwaka joto hupita nyuzi 35 za sentigredi, na chemchemi nyingi hukauka. Tena tangu Julai hata Septemba huja mvua za ghafula. Wingu likinyesha mbali, juu ya uwanda, maji yaweza kuteremka korongoni kwa nguvu hali mbingu iliyo juu ya kichwa chako ni nyeupe. Wakati wa baridi njia huwa na theluji na barafu. Kwa hiyo wengi huchagua Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Hata miezi hiyo usiku huwa na baridi kali, nasi hatutapiga hema chini kabisa katika mfuo wa maji, hata kama mchanga wake ni laini namna gani.

Shauri la pili ni ruhusa. Mtu atakaye kulala ndani ya makorongo hayo hana budi kupata cheti na kulipa ada, na idadi ya watu waingiao kwa kila njia kwa siku moja ina kikomo. Kundi moja halizidi watu 12. Si vizuri kunung'unikia jambo hilo. Kiatu kimoja hakiharibu kitu. Viatu elfu kumi huharibu. Tena cheti kina faida nyingine. Mtu akichelewa kurudi, walinzi wajua alipita wapi.

Shauri la tatu, nalo ndilo kubwa, ni maji. Wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Mtembezi wa jangwani ahitaji lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 4, kwa siku 4, ni lita 64. Kila mtu angechukua lita 16, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Sasa kanuni ya wachukuao shanta ni hii: mzigo usizidi robo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 64 achukue kilo 16. Mnaona? Maji peke yake yangeumaliza mzigo wote, wala pasingebaki nafasi ya chakula wala ya nguo.

Tuendelee na hesabu. Shanta yenyewe ni kilo 2. Hema la watu wawili, wakigawana, ni kilo moja na nusu kwa kila mtu. Mfuko wa kulalia, kilo moja na nusu. Chakula cha siku nne, kama vile wali, maharagwe yaliyopikwa yakakaushwa, biskuti na matunda makavu, kilo 3. Jiko dogo la gesi, sufuria na dawa, kilo moja. Nguo za baridi na za mvua, kilo 2. Jumla ni kilo 11. Zimebaki kilo 5, yaani lita 5 za maji: maji ya siku moja na kitu kidogo. Jiko halina budi kuwamo, kwa sababu kuwasha moto wa kuni ndani ya makorongo hayo kumekatazwa. Moshi hutia masizi michoro, na kuni zilizolala huko huenda ni boriti ya nyumba ya kale.

Basi kwa kuwa hatuwezi kuyachukua maji yote, tumeweka maisha yetu juu ya chemchemi. Na chemchemi ya jangwani haiamini mtu ramani tu. Mwaka huu ina maji, mwaka ujao ni mchanga mtupu. Kwa sababu hiyo, siku ile ya kuingia, kabla ya kufunga kamba ya mwisho ya shanta, twakwenda kituo cha walinzi kilicho penye njia ya Kane Gulch kuuliza, "Maji yako wapi juma hili?" Twapiga alama katika ramani. Na kila maji tuyapatayo twayachemsha au kuyachuja, maana wanyama nao huyanywa.

Tena yatupasa tufanye agano kabla ya kushuka, hali vichwa vyetu vingali baridi. Agano letu ni hili: nusu ya maji ikiisha kabla hatujaona maji mengine, tutarudi, wala hapana kubishana. Tujaalie ni siku ya pili, saa nane mchana. Twafika mahali palipopigwa alama, twakuta mchanga mkavu na nyayo za ndege. Mmoja wetu asema, "Nyuma ya pindi lile kuna michoro niliyotamani kuiona miaka mingi. Ni mwendo wa saa moja tu." Huenda kweli ni saa moja. Huenda kweli kuna maji mbele. Lakini aliye na kiu hahukumu sawasawa. Ndiyo sababu hukumu ilikatwa mapema. Twageuka. Michoro imekaa miaka mamia mengi, nayo itatungoja. Mwenda pole hajikwai.

Shauri la nne ni kuacha habari. Simu za mkononi aghalabu hazishiki mle korongoni. Kwa hiyo mwachie ndugu au rafiki karatasi yenye njia mtakayoipita na siku ya kurudi, na umwambie, "Tusipofika siku hiyo jioni, wajulishe walinzi." Kumbukeni pia ya kuwa mlango wa kutokea si ule wa kuingilia. Gari lisipopangwa mapema, aliyechoka atatembea tena maili kadhaa barabarani.

Haya, tumekwisha kushuka. Baada ya maili 4 hivi Kane Gulch yakutana na Grand Gulch, na ukutani mwonaona magofu ya kwanza. Mwendo mfupi mbele yake lipo pango liitwalo Turkey Pen, maana yake zizi la bata mzinga, kwa sababu ya kizizi cha fito kilichoonekana humo. Nitalirudia pango hilo.

Michoro ya miamba ni ya namna mbili. Ya kwanza ni picha za rangi, nyekundu, nyeupe na njano, zilizotengenezwa kwa mawe na udongo uliosagwa. Humo mna watu wenye mabega mapana, tena mna alama za mikono mingi, mikubwa na midogo, kana kwamba jamaa nzima walisimama mbele ya ukuta wakasema, "Tulikuwapo." Ya pili ni picha zilizogongwa kwa jiwe. Mwamba wa jangwani hupata ngozi nyeusi kwa muda wa miaka maelfu. Mchoraji huitoboa ngozi hiyo mpaka weupe wa ndani ukatokea. Wamo kondoo wa milimani wenye pembe kubwa, na mizingo kama ya konokono. Tutazame kwa macho, mikono nyuma. Mafuta ya vidole huharibu rangi, na mtu apitishaye chaki juu ya mistari ili picha yake itoke vizuri ameharibu kisichoweza kutengenezwa.

Kadhalika, tusiegemee kuta za nyumba wala kupanda juu yake. Tusikanyage lile ganda jeusi lililo juu ya mchanga, kwa maana ni vijimea vidogo vilivyo hai, vishikavyo udongo usipeperuke, na unyayo mmoja wahitaji miaka mingi kupona. Tusioge wala kutia sabuni katika vidimbwi. Takataka zetu zote, hata karatasi ya chooni, turudi nazo.

Sasa tujaalie kijana mmoja wa kundi letu ameinama mbele ya gofu, akaokota kigae cha chungu, cheupe, chenye mistari myeusi. Atuuliza, "Viko vingi hapa. Nikichukua hiki kimoja kwa mama yangu, nani atapungukiwa?" Ni swali la haki, nalo lastahili jibu bora kuliko kumkemea. Nitamjibu kwa visa viwili.

Kisa cha kwanza. Katika miaka ya 1890 wachimbaji waliingia makorongoni humo na wanyama wa mizigo. Mmoja wao, Richard Wetherill, alitambua jambo kubwa: chini ya mabaki ya wajenzi wa nyumba za mawe walilala watu wa zamani zaidi, wafuma vikapu, wasio na vyungu. Hilo ni sifa kwake. Lakini yeye na wachimbaji wengine walitoa vikapu, makubadhi ya nyuzi, mablanketi ya manyoya, hata maiti za watu, na vitu vingi vikapelekwa nyumba za makumbusho za mbali, mathalan New York. Huko vilikaa miaka karibu mia, na vingi vyao havikujulikana vilitoka pango gani. Katika miaka ya 1980 na baadaye, watu wa kujitolea walishika kazi ya kurudi kinyumenyume. Walitafuta majina na tarehe ambazo wachimbaji wale waliziandika ukutani mwa mapango, wakazilinganisha na barua, daftari na vitu vyenyewe, ili kila kitu kirudishiwe makao yake, japo kwa maandishi tu. Ilikuwa kazi ya miaka. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kigae kikiwa mahali pake ni neno katika barua ndefu. Kikiwa mfukoni ni kipande cha chungu tu.

Kisa cha pili ni cha gunzi niliyowaahidi. Katika pango lile la Turkey Pen, miongoni mwa takataka za jikoni, yalipatikana magunzi yenye umri wa miaka 1,900 hivi. Ukavu wa nchi uliyahifadhi. Sasa mahindi, ingawa sisi twayaita kwa jina la Hindi, asili yake ni kusini mwa Mexico, nchi ya joto. Na kutoka huko Marekani ndiko yalikofika kwetu Afrika kwa merikebu, baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwaka 1492. Wataalamu walijiuliza siku nyingi: mmea wa nchi ya joto ulizoeaje nyanda za juu zenye baridi na majira mafupi? Mwaka 2017 walitangaza matokeo ya kuzichunguza chembe za urithi zilizomo katika magunzi ya Turkey Pen, zile chembe zichukuazo tabia ya mmea kutoka kizazi hata kizazi. Waliona ya kuwa mmea ule ulikuwa mfupi, wenye machipukizi mengi, nao ulikuwa umekwisha kuanza kuzoea majira ya nchi ile. Wakulima wale, mwaka baada ya mwaka, walichagua mbegu zilizowahi kuiva. Walifanya kazi ile ile aifanyayo mama achaguaye mahindi ya kutundika juu ya meko kwa ajili ya mbegu. Wasingaliweza kujulikana kama mpita njia mmoja angaliyaokota magunzi yale akayatupia moto wa kambi.

Basi kijana wetu na akirudishe kigae chake pale pale alipokitoa. Sheria nayo yasema hivyo. Tangu 1906 Marekani ina sheria ya kulinda mambo ya kale katika ardhi ya serikali, na ile ya 1979 iliongeza adhabu ya faini kubwa na kifungo.

Lakini kuna sababu iliyo juu ya sheria. Wapueblo wa kale hawakufa wakaisha. Wazao wao wako, nao ni Wahopi, Wazuni na watu wa vijiji vingine vya Pueblo katika Arizona na New Mexico. Kwao mahali hapo hapakuachwa. Wazee wao wangali humo. Mwaka 2015 mataifa matano ya wenyeji, yaani Hopi, Zuni, Navajo na mataifa mawili ya Ute, yaliungana kuiomba serikali ya Marekani iilinde nchi hiyo. Mwaka 2016 Rais Obama aliitangaza kuwa hifadhi, kwa jina la Bears Ears. Mwaka 2017 Rais Trump aliipunguza sana, na mwaka 2021 Rais Biden aliirudishia mipaka yake. Watu hawashindani hivyo kwa ajili ya mawe matupu. Ukiingia huko, ingia kama aingiavyo mtu katika uwanja wa nyumba asiyoijua: kwa hodi, na kwa sauti ya chini.

Sasa siku ya nne imefika. Twapanda korongo la Bullet polepole, shanta zimekuwa nyepesi, midomo imekauka, na juu twaiona mitarakwa. Kila mmoja na afungue shanta yake ahesabu. Hema limo, sufuria imo, takataka zimo, ndugu wote wanne wapo. Na asikute humo kitu ambacho hakuingia nacho.